Anza na semina, fomu baadaye: mwongozo kamili wa kuomba uzamili na uzamivu wa sayansi ya kompyuta

Idara ya sayansi ya kompyuta hutoa matangazo ya aina mbili. Kuna ya programu: uzamili huu, uzamivu ule, sifa za kujiunga, ada, tarehe ya mwisho. Halafu kuna ya matukio: semina ya wiki hii, mhadhara wa mgeni, utetezi wa tasnifu, warsha ya siku mbili. Waombaji wengi husoma ya kwanza tu, wakajaza fomu, wakalipa ada ya maombi, wakakaa kusubiri. Mimi nakushauri uanze na ya pili. Kwa masomo yenye utafiti, idara humchukua mtu pale ambapo yupo mwalimu aliye tayari kumsimamia, na njia fupi ya kumfikia mwalimu huyo ni kumsikiliza akizungumza juu ya kazi yake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kuwafikiria wahitimu wa Tanzania, Kenya na Uganda, wawe wanaomba nyumbani au nje.

Hatua ya 1: Jua hasa unaomba kitu gani

Neno uzamili linafunika mambo matatu tofauti. Upo uzamili wa masomo ya darasani unaomalizikia kwa mradi mfupi, upo wa masomo pamoja na tasnifu, na upo wa utafiti mtupu. Ukiwa na nia ya kupanda cheo kazini, wa kwanza unakutosha. Ukiwa na nia ya kuendelea hadi uzamivu, chagua wenye tasnifu, hata kama utachelewa kumaliza, kwa sababu kamati ya udahili wa uzamivu itataka kuona kazi uliyoiandika mwenyewe.

Muda nao hutofautiana kwa nchi. Kwetu uzamili kwa kawaida ni miaka miwili. Uingereza ni mwaka mmoja, wa kukimbizana kwelikweli. Marekani unaweza kuomba uzamivu moja kwa moja ukiwa na shahada ya kwanza. Huchukua kama miaka mitano au sita, na katika idara nyingi za sayansi ya kompyuta mwanafunzi wa uzamivu hulipiwa ada na kupewa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Watu wengi wa huku hawalijui hili, wakatafuta kwanza pesa ya uzamili wa Marekani, ambao ndio usio na ufadhili na ndio ghali. Ujerumani mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi huajiriwa na chuo kwa mkataba, kwa hiyo nafasi hutangazwa kama kazi.

Kuhusu sifa, Tanzania vyuo vingi hutaka shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7 kati ya 5. Kenya husemwa daraja la pili la juu, au daraja la pili la chini pamoja na uzoefu wa kazi. Maombi ya uzamili hayapitii mfumo wa pamoja: KUCCPS, inayopanga wanafunzi wa shahada ya kwanza vyuoni Kenya, haihusiki, na Tanzania pia unaomba chuoni moja kwa moja. Kabla ya kulipa senti yoyote, hakikisha programu yenyewe imeidhinishwa na msimamizi wa vyuo vikuu wa nchi: TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya, au NCHE kwa Uganda. Chuo kuwa na ithibati hakumaanishi kwamba kila programu yake inayo.

Hatua ya 2: Isome idara

Chukua idara chache. Dar es Salaam, sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu iko CoICT, ndaki ya teknolojia ya habari na mawasiliano, kampasi ya Kijitonyama, si Mlimani kama wengi wanavyodhani. Nairobi, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Chiromo. Makerere wana CoCIS, ndaki yao ya kompyuta, Kampala. Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Kigali wako Carnegie Mellon, chuo cha Pittsburgh, Marekani, waliofungua tawi lao la Afrika mwaka 2011 na kutoa shahada ileile ya Pittsburgh, na Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha intaneti ya vitu, yaani vifaa vinavyounganishwa mtandaoni.

Kwa kila idara, fungua ukurasa wa wanataaluma na usome majina yote. Usiishie kwenye vyeo. Angalia kila mmoja amechapisha nini katika miaka mitatu iliyopita. Google Scholar itakuonyesha bure. Utagundua upesi kwamba idara yenye walimu thelathini huwa na wanne au watano tu wanaofanya jambo linalokugusa. Hao ndio idara yako.

Kisha nenda kwenye kalenda ya matukio, na usisahau yaliyopita. Matangazo ya semina za mwaka jana yanakwambia mengi: ni mada gani zinarudiarudia, ni wanafunzi wa nani wanaowasilisha, ni wageni gani wanaalikwa. Kalenda ikiwa tupu kwa mwaka mzima, ipigie simu ofisi ya idara uulize kama semina bado zipo. Nyingi hutangazwa kwenye makundi ya WhatsApp na ubao wa matangazo bila kufika kwenye tovuti.

Hatua ya 3: Hudhuria, na ujue cha kusikiliza

Matukio hayalingani thamani. Mhadhara wa wazi wa mgeni mashuhuri unapendeza, lakini mwombaji haumfai sana. Hakathoni, yaani mashindano ya kuunda programu kwa muda mfupi, inakupa marafiki na pengine zawadi. Vinavyomfaa mwombaji kweli ni viwili: semina ya kawaida ya idara, na utetezi wa tasnifu.

Semina ya idara mara nyingi ni saa moja, mwasilishaji mmoja, wasikilizaji wachache. Mgeni anaruhusiwa, mwandikie mratibu siku moja kabla. Soma muhtasari uliotangazwa. Katika dakika za mwanzo sikiliza jambo moja tu: tatizo ni lipi, na kwa nini njia zilizokuwepo hazikutosha. Ukilikamata hilo, hata hisabati ikikupita hutakuwa umepotea. Maswali yakifika, uliza la wazi na fupi. "Data hii ilikusanywa wapi, na je, matokeo yangekuwa haya vijijini ambako mtandao ni dhaifu?" ni swali zuri. Usihutubie kwanza. Baada ya kikao, msalimie mwalimu inavyostahili, shikamoo yako usiiache, jitambulishe kwa sentensi mbili, umwombe ruhusa ya kumwandikia.

Utetezi wa tasnifu ndio hazina yenyewe, na ajabu ni kwamba karibu hakuna mwombaji anayekwenda. Vyuo vingi huacha sehemu ya uwasilishaji iwe wazi kwa umma. Ukikaa pale utawasikia watahini wakiuliza maswali ambayo hayabadiliki sana kutoka tasnifu hadi tasnifu. Kipi kipya hapa? Umelinganisha na nani? Kwa nini ulichagua njia hii ukaacha ile? Data ni ya nani, na uliipata kwa idhini gani? Ukibadilisha kipimo, hitimisho lako litasimama? Yaandike. Hayo ndiyo maswali ambayo pendekezo lako la utafiti linapaswa kuyajibu, na umeyapata kabla hujaandika hata sentensi moja.

Ukiwa Songea, Kitale au Bukavu na chuo kiko mbali, omba kiungo cha mtandaoni. Tangu janga la Uviko-19 idara nyingi zimezoea kurusha semina zao kwa Zoom. Bando ni gharama, najua, kwa hiyo chagua mbili za walimu wako wale wanne badala ya kufuata zote.

Hatua ya 4: Mwandikie msimamizi

Barua pepe ya kuomba usimamizi husomwa kwa sekunde chache. Zinazotupwa zinafanana: zinaanza na "Dear Sir/Madam", zinasifia chuo, zinaambatanisha mafaili saba, na mwandishi anasema anapenda "akili mnemba, usalama wa mtandao na data kubwa". Mtu anayependa vyote hivyo bado hajachagua kitu.

Kwa kuwa lugha ya kazi katika idara hizi ni Kiingereza, barua yako itakuwa ya Kiingereza, lakini mifupa yake ni hii:

"Profesa fulani, naitwa fulani, nimehitimu shahada ya sayansi ya kompyuta chuo fulani mwaka fulani. Nilihudhuria semina yako kuhusu kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha za simu, na nimesoma makala yako ya mwaka jana. Ulieleza kwamba modeli hupungua usahihi picha zinapotoka kwenye simu za bei nafuu. Katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho nilishughulikia picha za ubora mdogo. Msimbo uko kwenye kiungo hiki. Ningependa kulichunguza tatizo hilo katika uzamili. Je, unatarajia kupokea wanafunzi mwaka ujao wa masomo? Nimeambatanisha wasifu wa kurasa mbili na andiko la ukurasa mmoja."

Haina sifa za bure. Ina kitu alichokisema yeye, kitu ulichokifanya wewe, na swali linalojibika kwa ndiyo au hapana. Mfano wa mihogo sikuuokota hewani: maabara ya akili mnemba ya Makerere imefanya kazi hiyo kwa miaka, na picha za majani ya mihogo zilizokusanywa Uganda, zaidi ya 21,000, ziliwekwa wazi kwenye mashindano ya Kaggle, tovuti ya mashindano ya data. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzipakua leo na kuzijaribu. Ukimwandikia mwalimu ukiwa umeshazigusa, hatakuhesabu kama mgeni.

Usipojibiwa kwa wiki mbili, kumbusha mara moja kwa sentensi mbili. Usipojibiwa tena, mgeukie mwingine. Na usiwaandikie walimu wawili wa idara moja barua ileile siku moja. Wanakaa ofisi jirani na watalijua.

Hatua ya 5: Andiko la awali

Ukurasa mmoja au miwili, si kumi. Tatizo, waliolishughulikia na walipoishia, swali lako, data utakayotumia, utakavyopima, na ratiba. Sehemu inayoangusha wengi ni data. "Nitakusanya rekodi za wagonjwa hospitalini" ni sentensi inayoweza kula mwaka mzima wa vibali. Kama unaweza kuanza na data iliyo wazi, anza nayo.

Lugha yetu ni uwanja mzuri kwa hili. Watafiti wa Masakhane, mtandao wa Waafrika wanaoshughulikia uchakataji wa lugha za Afrika kwa kompyuta, walitoa mwaka 2021 MasakhaNER, mkusanyiko wa matini za lugha kumi zenye majina ya watu, mahali na taasisi yaliyowekewa alama, Kiswahili kikiwemo. Common Voice ya Mozilla ina sauti za Kiswahili zilizochangwa na watu wa kawaida. Bado kuna mengi ya kufanya: Kiswahili cha mitaani kilichochanganywa na Kiingereza, Kingwana cha Kongo, lahaja za pwani. Msemaji wa lugha anaona makosa ya modeli ambayo mtafiti wa Toronto hawezi kuyaona, na hilo ni jambo la kuliandika wazi kwenye andiko lako.

Hatua ya 6: Nyaraka na wadhamini

Transkripti na vyeti vilivyothibitishwa, cheti cha kuzaliwa, pasipoti kama unaomba nje, wasifu. Anza na transkripti, maana vyuo vingine huchukua wiki kadhaa kuitoa.

Barua za wadhamini, yaani watu wanaokupendekeza, zina uzito kuliko waombaji wanavyofikiri. Barua ya mhadhiri kijana aliyekusimamia mradi na anayeweza kusema "alibadilisha njia mara mbili alipoona matokeo hayakai sawa" inashinda ya mkuu wa kitivo asiyekukumbuka. Mpe mdhamini wako wiki nne, wasifu wako, andiko lako, na orodha ya vyuo na tarehe. Mkumbushe kwa heshima wiki moja kabla. Akikwambia uiandike mwenyewe yeye aisaini, mpe badala yake ukurasa wa kumbukumbu: ulisoma naye nini, ulifanya nini, ulipata nini. Wengi huridhika na huandika wenyewe.

Ushahidi wa Kiingereza kwa nje ni mtihani wa IELTS au TOEFL, lakini uliza kwanza kama barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza inakubalika. Mara nyingi inakubalika, na utaokoa pesa nyingi. GRE, mtihani wa kuingilia uzamili na uzamivu, nayo imeondolewa na idara nyingi za Marekani, kwa hiyo usijiandikishe mtihani kabla ya kusoma masharti.

Hatua ya 7: Pesa

Ufadhili hufunga mapema kuliko udahili, na hapa ndipo wengi hukosa. Chevening ya Uingereza kwa kawaida hufunguliwa Agosti, kwa masomo yanayoanza Septemba ya mwaka unaofuata. Inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, yaani saa 2,800, na uchague kozi tatu. Commonwealth nayo hupokea maombi katika miezi hiyohiyo. Uzamivu wa Marekani hufunga zaidi mwezi Desemba, na ufadhili unakuja na udahili wenyewe; ada ya maombi ikikushinda, iandikie ofisi ya udahili uombe msamaha, kwani idara nyingi huutoa.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na viza huhitaji ushahidi wa fedha za kujikimu, ambazo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka katika akaunti iliyofungwa (unatoa kiasi maalumu tu kila mwezi), isipokuwa uwe na ufadhili. Vyuo vingi huko hupokea maombi kupitia uni-assist, wanaotoza euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata katika muhula huohuo.

Kwa kubaki Afrika Mashariki, zipo nafasi za DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kwa masomo ya ndani ya nchi na kanda, Mastercard Foundation kwa Carnegie Mellon Kigali, na mfuko wa RSIF, unaosimamiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kwa uzamivu katika vyuo teule vya Afrika. Uliza pia idara yenyewe: mwalimu mwenye mradi wa utafiti anaweza kuwa na nafasi ya mwanafunzi iliyolipiwa ambayo haijatangazwa popote.

Hatua ya 8: Mikutano mikubwa

Katika sayansi ya kompyuta, tofauti na fani nyingi, makala bora hutokea kwanza kwenye mikutano. NeurIPS na ICLR, mikutano ya akili mnemba, huheshimiwa kuliko majarida mengi. Lakini Kenya, mwongozo wa CUE unadai mwanafunzi wa uzamivu awe na makala mbili katika majarida yenye wahakiki kabla ya kuhitimu. Mwulize msimamizi mapema idara inahesabu nini.

Mikutano hii imeanza kutusogelea. Watafiti weusi wengi walinyimwa viza za Kanada mwaka 2018 na 2019 walipotaka kuhudhuria NeurIPS, na malalamiko yao yalisikika. ICLR ya 2020 ilipangwa Addis Ababa, ikahamia mtandaoni kwa sababu ya janga, na mwaka 2023 ilifanyika Kigali. AFRICON, mkutano wa wahandisi wa umeme na elektroniki, ulifika Nairobi 2023.

Ila kwa mwombaji, tukio ninalolipa kipaumbele ni Deep Learning Indaba, mkusanyiko wa Waafrika wanaoshughulikia akili mnemba. Lilianza Johannesburg 2017, likaja Nairobi 2019, na 2025 likafanyika Kigali. Ni wiki nzima ya mafunzo, mabango ya kueleza utafiti na mazungumzo, hufanyika kati ya Agosti na Septemba, na maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla. Wengi hupata msaada wa nauli na malazi. Hutoa pia tuzo kwa tasnifu: ya Alele-Williams kwa uzamili, na ya Kambule kwa uzamivu. Matukio ya IndabaX, matoleo yake madogo, hufanyika ndani ya nchi mbalimbali, na ni rahisi zaidi kuingia. Data Science Africa nayo imepita Nyeri mwaka 2015 na Arusha 2017, na mada zake ni za matatizo ya hapa: kilimo, afya, hali ya hewa.

Omba kuwasilisha bango hata kama kazi yako ni mradi wa shahada ya kwanza. Mtu mwenye bango hufuatwa; asiye nalo huzunguka akitafuta wa kuongea naye. Andaa maelezo ya dakika mbili na ya dakika kumi, na daftari la kuandika jina la kila aliyeuliza swali gumu. Mwandikie ndani ya siku tatu.

Jihadhari na mikutano ya uongo. Mwaliko unaokusifia kupita kiasi, unaoahidi kukubali makala ndani ya siku nne, wenye mada kuanzia udaktari wa meno hadi kompyuta ya wingu, unataka pesa yako tu. Mwonyeshe msimamizi kabla ya kulipa.

Hatua ya 9: Ukishapata barua ya udahili

Soma masharti ya kuahirisha, maana ufadhili ukichelewa huenda ukahitaji kusogeza nafasi mwaka mmoja. Kama umesoma nje na unarudi, peleka cheti kwenye mamlaka ya nchi yako (Tanzania ni TCU) kitambuliwe mapema, usisubiri siku ya usaili wa kazi.

Kama utafiti wako unagusa watu, anza vibali katika muhula wa kwanza, kwenye chombo cha taifa cha sayansi cha nchi husika. Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, na kwanza idhini ya kamati ya maadili. Uganda ni UNCST. Tanzania watafiti wa kigeni hupitia COSTECH, na mwanafunzi wa chuo cha ndani hupata barua ya utafiti kupitia chuo chake. Nchi zetu sasa zina sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, kwa hiyo ukikusanya sauti, picha au ujumbe wa simu za watu, eleza kwenye fomu ya ridhaa utavihifadhi wapi, kwa muda gani, na ni nani atakayeviona. Fomu hiyo iandike kwa Kiswahili ambacho mzee wa kijijini atakielewa akisomewa, na ijaribu kwa mtu asiye wa kompyuta kabla ya kuipeleka kwenye kamati.